Kidonge Namba Tisa

Kopo la mafuta ya Kimbo liliingia nyumbani kwa Agustina siku ya Jumanne, mchana kweupe, chini ya ndizi, ndani ya kikapu cha mdogo wake Nikodemo. Ulikuwa mwezi wa tatu, mwaka wa sabini na saba, na mpaka wa Sirari ulikuwa umefungwa wiki kadhaa. Malori yalijipanga upande wa Isebania, kule Kenya, kama ng'ombe wanaosubiri josho, na mtu aliyetaka kumwona dada yake ilibidi apite kwenye mahindi ya watu. Nikodemo alipita kwenye mahindi. Alikaa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha uji, akasema, "Dada, hili kopo ni la Efrazia. Limetoka Nairobi, kwa yule mwenzake wa maabara. Litunze." Kisha akaondoka haraka kabla mgambo hawajamaliza kula.

Litunze! Hakusema lina nini, maana naye hakujua. Agustina alilitunza kwa muda wa saa moja hivi, halafu akalifungua.

Ndani mlikuwa na pamba. Chini ya pamba, vidonge ishirini na vinne vya ganda linaloonyesha, rangi ya asali, na ndani ya kila kimoja kikaratasi chembamba chenye namba. Agustina alikaa kwenye kigoda akavitazama. Zahanati ya kijiji chao kipya cha ujamaa ilikuwa na mganga, mizani, na picha ya mama anayenyonyesha. Dawa haikuwa nayo tangu Januari. Watu walikuwa wakiugua na kupona kwa bahati tu.

Ni lazima niseme ukweli juu ya Agustina: alikuwa mwanamke mkarimu, na alikuwa amechoka kuchekwa. Binti yake pekee, Efrazia, alikuwa na miaka thelathini na miwili, hajaolewa, yuko Chuo Kikuu Dar es Salaam akisoma vitu ambavyo hata akivitaja huvielewi. Kila akienda kisimani wanawake walimuuliza, "Mama Efrazia, huyo daktari wako ataanza kutibu lini?" Naye hujibu, "Anamalizia." Alikuwa ameshajibu hivyo miaka saba. Sasa, asante Mungu, dawa hii hapa.

Kuhusu zile namba hakuhangaika sana. Mwaka uliopita alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima, na katika ngumbaru wote wa darasa lile hakuna aliyesoma namba mbio kama yeye. Hapo ndipo kisomo kilipomponza. Zahanati, siku za neema, walikuwa wakiandika umri juu ya bahasha ya dawa: wa miaka mitatu robo, wa miaka saba nusu. Basi hawa wasomi wa Nairobi wameandika umri ndani kabisa ya kidonge ili mtu asikosee. Moja ni ya mtoto wa mwaka mmoja. Ishirini na nne ni ya mtu wa ishirini na nne. Jambo lilikuwa wazi kabisa.

"Umeambiwa uvigawe?" aliuliza mumewe, mzee Tomaso Werema, akinoa panga.

"Mtoto akileta dawa nyumbani, anataka zikae zioze?"

"Nimeuliza tu kama umeambiwa."

"Wewe noa panga lako."

Kufikia Ijumaa jioni kopo lilikuwa na pamba peke yake. Agustina alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza umri wa watoto, na pale mama alipokuwa hakumbuki walihesabu pamoja. Mokami, binti wa jirani yake Selestina, alizaliwa mwishoni mwa mwaka wa Azimio la Arusha. Basi ana tisa, apewe namba tisa. Tatizo likawa watu wazima. Balozi wa nyumba kumi, mzee Waitara, alisimama mlangoni kwake na fimbo, amenuna.

"Sisi wazee hatuugui?"

"Mzee, namba zimeishia ishirini na nne."

"Mimi nina sitini. Niongezee mpaka zifike." Naye hesabu aliijua. Alichukua ishirini na nne, ishirini na tatu, na kumi na tatu, akavitia mfukoni mwa koti, akaenda zake ameridhika.

*

Efrazia alishuka kwenye basi la Tarime siku ya Jumamosi, vumbi hadi kwenye kope, na sanduku moja. Alimwamkia mama yake, akamwamkia baba yake, "Shikamoo, tata," akanywa maji. Kisha akasema kwa furaha, "Mjomba alileta kopo langu?"

Mama yake akamletea kopo kwa mikono miwili. "Vimekwisha vyote, mwanangu. Watu wanakuombea dua."

Efrazia akatazama pamba. Akaiinua, akatazama chini yake, akairudisha mahali pake taratibu.

"Vimekwisha vipi, mama?"

Agustina alimweleza kuhusu umri, na mama aliyekuwa hakumbuki, na hesabu ya mzee Waitara. Alieleza mwanzo akicheka, na kadiri alivyoendelea akawa anaitazama sura ya mwanawe na kicheko kikapungua, mpaka mwisho wa habari akawa anaongea na ukuta.

"Namba tisa," alisema Efrazia. "Namba tisa iko wapi?"

"Kwani si dawa?"

"Si dawa, mama. Ni kazi yangu. Ni miaka minne ya kazi yangu." Akakaa chini. Hakupiga kelele, na Agustina alitamani angepiga. "Lile ganda ni ganda la dawa kweli, tunalitumia kama kibati cha kuokea. Ndani tunamimina gundi, na kwenye gundi tunaweka kipande tulichokichuna, ikishakauka inakuwa ngumu kama pembe. Halafu tunaikata vipande vyembamba, tunaviangalia kwenye darubini kubwa ya umeme. Nairobi walinipa zamu. Wiki ya zamu yangu ndiyo wiki waliyofunga mpaka. Sasa Waswidi wamekubali nikaangalie kwao. Nitapanda ndege Jumamosi ijayo. Basi la Alhamisi asubuhi nisipolipata, sina safari."

"Si uende tu?"

"Niende na pamba? Watanipokea nikawaonyeshe nini? Vingine vyote ni vya kulinganishia. Hata vikipungua nitajitetea. Namba tisa ni moja tu, na dawa za kutengenezea nyingine chuoni hakuna. Bila hiyo watanirudisha nikafundishe sekondari, na hii habari imekwisha."

Mzee Tomaso aliweka panga chini. Hakusema 'nilikuuliza'. Alisema, "Twendeni tukavitafute kabla hawajavila."

*

Bahati ilikuwa moja: maskini hamezi dawa kabla hajaumwa. Karibu wote walikuwa wamevifunga kwenye pembe ya kanga au wamevichomeka kwenye makuti ya paa, wakisubiri homa. Lakini kuomba zawadi irudi! Agustina alikuwa hajawahi kufanya jambo gumu kama lile tangu azaliwe. Katika kila mlango alisimama mbele, akasema, "Nilikosea mimi. Si dawa. Naomba nirudishiwe." Wengine walirudisha kimya. Wengine walidhani amepata wa kuwauzia. Mama mmoja alimwambia usoni, "Ulipokuwa unatoa ulijaza mlango mzima, leo mbona umekuwa mwembamba?" Agustina alimeza hilo nalo. Kwa Selestina, kwenye namba tisa, ndiko walikoanzia, wakakuta mlango umefungwa; alikuwa amekwenda kijiji cha pili na mtoto. Kufikia Jumapili mchana walikuwa na kumi na saba. Vitatu vilikuwa vimemezwa na kwenda zake chooni. Efrazia aliviandika kwenye daftari na kuviwekea msalaba.

Kwa mzee Waitara walikuta watu wamekaa uani, habari imeshafika. Balozi alivitoa vidonge vyake, akavipanga juu ya goti.

"Hivi vyangu vinafika sitini," alisema. "Sitoi mpaka niambiwe ndani kuna nini. Kesho watu wataniuliza mimi."

Agustina alimkanyaga mwanawe mguu. Sema ni dawa iliyoharibika, alikuwa anamwomba moyoni; sema chochote.

"Chura, mzee," alisema Efrazia.

"Nini?"

"Mshipa wa mguu wa chura. Kale keusi kadogo hapo katikati, kama punje ya ulezi."

Mke wa balozi akatema mate pembeni. Bi harusi mmoja mwenye miaka ishirini na miwili, aliyekuwa amemeza chake Alhamisi, alinyanyuka akakimbilia nyuma ya nyumba, na wote wakasikia alichokwenda kufanya huko. Agustina alijifunika kanga usoni. Amewalisha majirani zake chura. Hata akifa, pale kisimani watamtaja kwa chura.

"Serikali inakulipa mshahara," alisema Waitara polepole, "kwa vyura."

"Ndiyo, mzee. Naomba nikueleze, kisha uamue." Efrazia alichuchumaa mbele yake kama mtoto anayetoa salamu. "Huo mguu wako wa kulia. Mshipa wa fahamu wa kwenye kidole umeanzia mgongoni, hapa. Ni mrefu karibu sawa na fimbo yako. Ncha yake ya chini inahitaji vitu ili isife, na vitu hivyo vinatengenezwa huku juu. Nani anavipeleka?"

"Damu."

"Damu haiingii humo ndani. Ndani kuna vijibomba vyembamba mno, maelfu, vimelala sambamba toka juu mpaka chini. Mizigo inapita juu yake, mmoja mmoja, mchana na usiku, hata ukilala. Nilimfunga chura uzi kwenye mshipa, nione. Mizigo ikarundikana upande wa juu wa uzi."

"Kama malori ya Sirari," alisema Waitara.

"Hivyohivyo kabisa, mzee."

Watu wakaguna. Hilo la malori walilijua. Kila mmoja alikuwa na ndugu, au sukari, upande wa pili. Balozi mwenyewe alifurahi kwa kulipata, akajitahidi lisionekane.

"Na hiyo tisa mnayoihangaikia?"

"Chura wa hiyo nilimtilia sumu, ya kiazi cha lile ua jekundu linalopanda juu ya vichaka. Inavunja vijibomba. Kisha nikaiosha ile sumu siku tatu, nikamwacha. Nadhani vimejijenga tena."

"Unadhani?"

"Sijaona. Ndiyo maana nakwenda kuangalia."

"Na vikiwa vimejijenga, inatibu nini?"

Agustina aliishusha kanga kidogo. Swali lilikuwa lake pia, miaka saba.

"Haitibu kitu, mzee."

"Hata kimoja?"

"Bado."

Mzee Waitara alivikusanya vilivyokuwa gotini. Kisha akavihesabu vidonge kwenye kiganja cha Efrazia, ishirini na nne, ishirini na tatu, kumi na tatu, kama mtu anayerudisha mali ya kanisa. "Ungenidanganya ningekujua," alisema. "Nenda kamtafute chura wako."

*

Jioni walimkuta Selestina amerudi, na Mokami amelala kwenye ngozi sebuleni, macho mekundu, midomo imekauka. Namba tisa alikuwa nayo tumboni tangu Ijumaa mchana.

"Alimeza vizuri, hakutema," alisema Selestina kwa fahari, kisha akaona nyuso zao. Selestina alikuwa mjane, na mtoto ni huyo mmoja. Alipoelezwa alisikiliza yote, chura na vijibomba, akauliza neno moja tu. "Itamdhuru?"

"Haitamdhuru. Haiyeyuki. Itatoka kama ilivyoingia."

"Hajaenda chooni tangu siku hiyo. Hali kitu."

Agustina alikuwa amekuja amejiandaa. Alitoa chupa chini ya kanga. "Mafuta ya mbarika. Vijiko viwili tu, na kesho asubuhi tunayo."

"Hapana," alisema Efrazia.

"Mwanangu, Alhamisi..."

"Mtoto ana homa, hana maji mwilini. Ukimharisha utamuua. Alhamisi ni yangu mimi, si yake." Alimgusa Mokami paji la uso, akafungua mkoba wake, akatoa vidonge vya klorokwini alivyokuwa amejiwekea vya safari. Vilikuwa vyeupe, vya kawaida, visivyo na namba yoyote. Alimhesabia Selestina vya siku tatu, akamwonyesha namna ya kuvisaga kwenye uji. "Hii ndiyo dawa," alisema. "Na maji mengi yaliyochemshwa."

Agustina alirudisha chupa chini ya kanga. Walipokuwa njiani kurudi hakuweza kunyamaza. "Uliwaambia watu hutibu kitu, na leo umetibu."

"Nimempa klorokwini, mama. Hata kondakta wa basi angempa."

"Wewe siyo kondakta."

"Sawa," alisema Efrazia, akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu afike.

*

Jumatatu ilipita. Jumanne ikapita. Kijiji kizima kilijua kinachosubiriwa, na wapo waliopita njia ya kwa Selestina bila shughuli yoyote, wakiuliza, "Je, bado?" Homa ilianza kushuka Jumanne jioni, mtoto akaomba uji, akaomba tena. Selestina alikuwa na hofu yake peke yake, na akamwambia Agustina kwa sauti ya chini: "Hicho kikitoka, homa haitarudi?" Agustina alimwapia haitarudi, ingawa moyoni hakuwa na hakika.

Nyumbani Efrazia alikuwa amefunga sanduku na kulifungua mara tatu. Mama yake alimkuta uani anachambua maharage ambayo yalikuwa yameshachambuliwa.

"Sikutaka kukuharibia," alisema Agustina. Neno hilo alikuwa amelipanga kwa siku nne na likatoka vibaya. "Nilitaka wajue una kazi. Wananiuliza, sina cha kuwaonyesha. Mwenzangu ana wajukuu, mwenzangu ana ng'ombe wa mahari zizini. Mimi nina barua. Nikaona vile vidonge nikasema, haya, hiki kinashikika."

Efrazia aliweka ungo chini. "Hata mimi sina cha kushika, mama. Miaka minne nashika vyura." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Nilipaswa kukueleza. Nilidhani hutaelewa, nikakuachia useme 'anamalizia'. Hilo ni kosa langu."

"Mzee Waitara ameelewa, mimi nishindwe?"

"Ndiyo maana naona aibu."

Walichambua maharage pamoja mpaka yakaanza kung'aa.

Jumatano, jua likiwa limepanda, Selestina mwenyewe alifika mbio, bila kanga ya kichwani. "Amekwenda," alisema. "Nimeweka kwenye jani la mgomba, sijagusa."

Efrazia alinyanyuka. Mama yake akamshika bega akamkalisha.

"Kaa. Aliyegawa ni mimi."

Agustina alichukua debe la maji na kijiti, akaenda nyuma ya nyumba ya Selestina, akapiga magoti. Sitaieleza kazi hiyo. Kila aliyelea watoto anaijua. Alivumilia harufu, akavumilia na macho ya wapita njia, na alipokigusa na kijiti kikalia kama jiwe dogo, alipiga kigelegele kilichosikika mpaka kwa balozi. Alikisugua kwa majivu, akakisuuza mara saba, akakileta kwenye kiganja.

Ganda lilikuwa limeisha. Kilichobaki ni kipande cha rangi ya asali, kigumu, na katikati punje nyeusi, na kikaratasi: tisa.

Agustina akaingiwa na woga upya. "Ganda limeyeyuka. Kimeharibika?"

Efrazia alikigeuza kwenye jua, upande huu na huu. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na mama yake hakujua kama acheke au alie. "Mama, maabara tunalitoa hilo ganda kwa maji ya moto kabla ya kukata. Nusu siku nzima. Mokami amenifanyia."

Alhamisi alfajiri mzee Tomaso alimbebea sanduku mpaka barabarani. Kopo la Kimbo Efrazia alilipakata mwenyewe.

*

Bahasha ya Efrazia ilifika Januari, ina stempu za ajabu. Agustina aliifungulia uani mbele ya watu, maana Selestina alikuwepo, na Mokami, na mzee Waitara ambaye alikuwa anapita tu na akakaa saa mbili. Ndani mlikuwa na picha moja kubwa, nyeusi na nyeupe. Ilionyesha mistari myembamba, mingi, imelala sambamba toka ukingo huu mpaka ule, na kando ya mistari vidoadoa vya mviringo, kimoja hapa, kimoja pale. Kwenye kona paliandikwa 9.

"Hiyo ilipita kwangu," alisema Mokami, akaweka kidole juu ya namba. Alifikiri kidogo. "Lakini mimi sasa nina kumi."

"Na homa haikurudi," alisema Selestina. "Semeni mnavyosema."

Mzee Waitara aliisogeza picha karibu na pua. "Malori ni haya," aliamua, akigonga kidoa kimoja. "Yanatembea."

Agustina aligeuza picha. Nyuma palikuwa na maandishi, herufi kubwa kubwa zilizoachana, kama zile za ubao wa kisomo. Mokami, aliyekuwa darasa la pili, alifungua mdomo asome.

"Niache," alisema Agustina. "Hii nasoma mwenyewe."

Aliweka kidole chini ya herufi ya kwanza. Alisoma polepole, kwa sauti, hakutaka kukosea tena. "Ma-ma." Akasogeza kidole. "Vi-me-ji-je-nga."

Aliisoma mara ya pili, kwa mkupuo mmoja. Kisha akakaa kwenye kigoda, picha mapajani, akalia mbele yao wote bila kujifunika, na hakuna aliyemuuliza inatibu nini.